Mapitio

Kila miaka mitano huja, na maji ya chupa.
Safari hii ni Ahero, ukumbi wa ushirika,
viti vya kukodi, kimoja kimefungwa kamba mguuni,
na bango linalopigwa na upepo:
MAPITIO YA SERA YA NJE NA MKAKATI WA MAENDELEO.
Mimi ni mkalimani. Elfu moja na mia tano,
chakula juu yao.

Bwana Muthengi wa wizarani si mtu mbaya.
Amevaa koti zito, jasho linamtiririka shingoni,
anasema polepole ili nisiachwe nyuma:
"Taifa halina budi kujiuliza tena
linasimama wapi miongoni mwa mataifa."

Nageuka. Wamekaa, tope la majaruba limewakauka vifundoni.
Nje, kwa Kijaluo, ni oko:
ni uani, kuku wanakochakura,
ni pale unapomwaga maji uliyooshea vyombo.
Nikajikuta nimewaambia,
serikali inauliza hali ya uani kwetu.

Truphena Awino akasimama, kanga kaikaza kiunoni.
"Uani kwetu kuna lori la Mganda.
Huja mpunga ukiiva,
hupima, hulipa,
noti zingali na joto la mfuko wake.
Huyo ndiye wa nje?
Na kinu cha serikali, kilicho humu ndani,
mpunga wangu wa mwaka juzi kimeulipa kwa risiti.
Hebu nionyesheni mpaka unapopita,
maana mimi nimeutafuta."

Nikatafsiri:
"Mama anapendekeza kuimarishwa kwa biashara na nchi jirani."
Karani akaandika.
Yale mengine yote, noti, joto, mfuko,
yalibaki kinywani mwangu kama mwiba wa samaki.

Mapitio. Nimelichunguza neno hili muda mrefu.
Kupitia ni kusoma upya, kidole juu ya mstari.
Kupita ni kupita.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tulifundishwa;
hawa saa tisa huwa wameshawasha magari,
jembe halijawahi kuwafikia.

Akafuata Ouko Nyabola, dereva wa trekta.
"Pampu ya mfereji wa tatu ina bendera mbili ubavuni,
ya waliotoa na yetu tuliopokea.
Jua limeanza na yetu.
Inakosa mpira mmoja tu, mpana kama mdomo wa kikombe,
na mpira huo hutoka kulekule kwao.
Tuliandika barua. Tukajibiwa mkakati umebadilika,
siku hizi wanafadhili mafunzo.
Basi tukafunzwa. Cheti changu hiki hapa.
Nimekitumbukiza mferejini, hakikuvuta maji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka,
kisha nikakumbuka ninalipwa.
"Wanaomba uendelevu wa miradi," nikasema.

Saa saba, pilau.
Truphena akaokota punje moja, akaisugua kati ya vidole,
akaielekeza dirishani kama mtu anayekagua noti bandia.
Akamgeukia Muthengi, kwa Kiswahili chake mwenyewe,
bila mimi:
"Huu si wetu. Huu umepanda meli."
Akala. Akaongezewa, akala tena.
Muthengi ndiye aliyeacha sahani nusu.

Nikatia sahihi posho yangu.
Fomu ilikuwa na kisanduku: Idadi ya maoni.
Karani alijaza kumi na manne.
Sikuona kisanduku cha yaliyopotea njiani.

Nilipotoka kuchukua baiskeli
niliwakuta nyuma ya ukumbi, Muthengi na Ouko,
kimya, hawana lugha ya kutosha baina yao.
Rasimu ya sera imelala kifudifudi juu ya boneti,
juu ya mgongo wake kikombe cha chai,
na mkubwa wa wizara, koti amelivua,
anakizungusha kalamu taratibu,
apate upana kamili wa mpira.

Sijui kama karatasi ile ilifika Nairobi,
wala kama huko kuna mtu aliyewahi kuigeuza.
Nilisimama, mkono kwenye usukani.
Hawakuniita.